Kadi ya Namba Kumi na Saba

Yadi nzima ilicheka. Alicheka Kiplimo mwenye yadi, wakacheka madalali wawili waliokuwa wameegemea lori bovu, akacheka hata mnunuzi mmoja wa kutoka Soin ambaye yeye mwenyewe hakujua injini inakaa mbele au nyuma. Na Chepkurui hakuwa amefanya kichekesho chochote. Alikuwa ameuliza swali moja tu: "Kadi ya hii gari iko wapi?"

"Kadi?" Kiplimo alijifuta macho kwa leso. "Mama, kadi ni ya ng'ombe. Ama ya kliniki ya watoto. Gari iko na logbuku, na hiyo mtapewa mkimaliza kulipa."

"Logbuku inasema gari ni ya nani," Chepkurui akamjibu. "Mimi nauliza iliugua nini, na ni nani aliitibu."

Wakacheka tena. Kipkoech, mumewe, aliivuta kofia yake mpaka karibu na nyusi, akajifanya anatazama magurudumu. Aibu ilimpata kwelikweli. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani siku ya Jumanne, makusudi, ili watu wa mji wa Kericho wajue kwamba mkulima wa Mogogosiek akija kununua gari anakuja kama mtu. Sasa mkewe alikuwa anaulizia gari kadi.

Lakini tuseme ukweli. Huko Mogogosiek hakuna mwenye akili timamu anayenunua ng'ombe wa gredi bila kadi. Kadi ndiyo inayosema ndama alizaliwa lini, fahali gani alimzaa, amezaa mara ngapi, aliwahi kuugua ndigana au la, na maziwa yake ni lita ngapi asubuhi na jioni. Mtu akikuletea ng'ombe asiye na kadi, unampa chai, unamuuliza habari za nyumbani, halafu unamtakia safari njema pamoja na ng'ombe wake. Chepkurui alikuwa amefuga hivyo kwa miaka kumi na saba na hakuwahi kuuziwa ng'ombe mbovu hata mmoja. Alipomnunua mtamba wa mama yake mzazi, aliitisha kadi kwanza, na mama yake akaitoa bila kukasirika.

"Hii pikapu," Kiplimo aliendelea, akipiga boneti kofi la upole, "ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Roret. Mzee wa kanisa. Alikuwa anaenda nayo shule na kurudi, Jumapili anaenda kanisa. Hata matope haijui. Mzee Kipkoech, si nilikuambia?"

"Uliniambia," Kipkoech alisema haraka.

Kwa macho, pikapu ilipendeza. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, na viti vyake vilikuwa bado na karatasi za nailoni. Chepkurui alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akachungulia pale bawaba zinapokutana na bodi, mahali ambapo mwenye kupaka rangi huchoka. Hapo rangi haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijani, na juu ya kijani hicho palikuwa na namba ndogo ya rangi ya njano: 17.

"Mwalimu gani anaandika gari yake namba?" aliuliza.

Kiplimo alisita. Hakusita sana, ila Chepkurui alikuwa ameuza maziwa kwa wenye hoteli kwa miaka mingi, na kusita kwa mtu alikujua.

"Hiyo ni ya bandarini, mama. Gari zote zikishuka meli zinapigwa namba. Mzee, twendeni ofisini mnywe soda."

Kipkoech alimshika mkewe kiwiko, akamwambia kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, aache kumwaibisha mbele ya mtu wa ukoo wao. Chepkurui aliufunga mlango polepole. Soda hakunywa.

*

Ugomvi walienda kuumalizia nyumbani, jikoni, Chepkurui akimenya viazi na Kipkoech akiwa amekaa kwenye kigoda na koti lake bado mwilini.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bonasi ya chai ya mwaka huo wa tisini na sita ilikuwa nzuri, na wao walikuwa na mpango wa siku nyingi wa kununua pikapu ya kubebea maziwa yao na ya majirani mpaka mjini, maana lori la maziwa lilikuwa likija leo na kesho haliji, na maziwa yakiganda barabarani mvua ikinyesha ni mkulima anayeyamwaga. Mpango ulikuwa wa watu wawili. Lakini Alhamisi iliyopita Kipkoech alienda mjini kununua mbolea, akapita yadi ya Kiplimo, akakuta Kiplimo ni wa ukoo wao, wakataja wazee wanaowajua wote wawili, wakashikana mikono mara tatu, na kufikia saa nane mchana alikuwa ametoa shilingi elfu arobaini za kushikia pikapu. Kwenye risiti iliandikwa kwamba hazirudishwi. Zilizobaki, laki mbili na arobaini, zilitakiwa Ijumaa.

Kama hilo halikutosha, njiani kurudi alimpitia Pasta Phelix akamweleza. Pasta akafurahi. Jumapili akatangaza kanisani kwamba wiki ijayo gari la Mzee Kipkoech litaletwa uani kuombewa, na akina mama watayarishe chakula. Hata rangi yake aliitaja.

"Mtu wa ukoo wako unamuulizaje karatasi?" Kipkoech aliuliza. "Hiyo ni kumwambia wewe ni mwizi."

"Mama yangu nilimuuliza."

"Mama yako ni mama yako. Kiplimo ni mwanamume, ana biashara, ana watu wanamsikiliza. Umesimama pale unamuuliza gari iliugua nini! Wale watu walikuwa wanatucheka, Mama Winny."

"Walikuwa wananicheka mimi. Wewe walikuwa wanakupongeza." Alitupa kiazi ndani ya sufuria na maji yakaruka. "Baba Winny, hiyo gari itashuka ule mteremko wa mtoni kila asubuhi na mikebe ya watu kumi na mbili. Na nyuma ya mikebe watakaa akina mama wa soko, unajua watakaa, huwezi kuwaacha barabarani kwa mvua. Sasa mimi nitawaambia nini ikikataa kushika breki? Kwamba mwenye kutuuzia ni wa ukoo?"

Kipkoech alikuwa mtu mwema, na hili nalisema bila kumpendelea. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alipenda kuonekana. Akifikiria Jumapili, watu wamesimama uani wakitazama njia, na yeye anakuja kwa miguu, aliona afadhali alipe tu.

"Tusipolipa Ijumaa, elfu arobaini imeenda," alisema mwishowe. "Na jina langu limeenda nayo."

"Basi nipe mpaka Ijumaa. Laki moja kwenye hiyo pesa ni ya maziwa yangu, iko kwa kikundi cha akina mama, na bila mimi kusema haitoki. Nikipata kadi, nitaitoa mwenyewe na nitapiga makofi Jumapili. Nisipoiona, haitoki."

Hakupandisha sauti. Kipkoech alijua kwamba mkewe akiongea bila kupandisha sauti, amemaliza.

*

Jumatano asubuhi, baada ya kupeleka majani kituoni, Chepkurui alimuuliza dereva wa lori la chai swali jingine. Aliuliza ni nani huku anapaka magari kijani na kuyaandika namba za njano.

"Hiyo ni ile shamba kubwa ya kule ng'ambo," dereva alimwambia, akitaja shamba moja la kampuni kando ya barabara ya kwenda Kericho. "Kila gari yao ina namba. Lakini ukitaka habari ya gari zao usiende ofisi, watakufukuza. Tafuta Omariba. Alikuwa fundi mkuu pale gereji, wamemstaafisha mwaka huu. Anakaa pale senta ya maduka na bibi yake."

Chepkurui alilijua jina hilo ni la wapi. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mwaka ule ambao watu hawautaji kwa jina, majirani walipokimbizana na nyumba zikaungua, na wengi waliotoka milima ya Kisii wakalala ndani ya kiwanda cha chai wiki mbili na watoto wao. Alisimama pale kituoni kidogo. Kisha alifunga lita mbili za maziwa kwenye mkebe, akavaa viatu vya kutokea, akaenda.

Omariba alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na tano, amekaa nje ya chumba cha mabati akisugua pampu ya maji ya mtu. Mkewe Nyambeki alimkaribisha mgeni, akamletea kiti, akasimama pale pale bila kurudi ndani. Hakuyapokea maziwa mara moja.

"Nimekuja kuuliza habari ya gari," Chepkurui alisema. "Pikapu. Namba kumi na saba."

Mikono ya Omariba ilikoma kusugua.

"Umeipanda?"

"Bado. Mzee wangu ameweka pesa, na nyingine inatakiwa Ijumaa."

"Usiipande." Aliweka pampu chini. "Iko wapi?"

"Kwa yadi ya Kiplimo, mjini. Ameipaka nyeupe. Anasema ilikuwa ya mwalimu. Nilimuuliza kadi wakanicheka."

Kwa mara ya kwanza Omariba alimtazama usoni.

"Uliuliza kadi? Nani alikuambia gari ina kadi?"

"Hakuna. Nilifikiria tu. Kama ng'ombe anayo, gari inakosaje?"

Omariba akamgeukia mkewe, akamwambia maneno ya Kigusii, na Nyambeki, aliyekuwa amesimama kama askari muda wote huo, akacheka kwa mara ya kwanza na kuuchukua mkebe wa maziwa. Hakikuwa kicheko kile cha yadini.

"Mama, mimi nimefanya kazi pale miaka ishirini na sita," Omariba alisema. "Gari arobaini na moja. Kila moja ilikuwa na kadi, na kila kadi niliandika mimi kwa mkono wangu. Oili ilimwagwa lini, breki ilibadilishwa lini, ilianguka wapi, ilichomelewa wapi. Mzungu wa kwanza alinifundisha hivyo, na walipokuja wengine wakasema tuache, mimi sikuacha. Gari ikitoka pale gereji ikiuzwa, inatoka na kadi yake. Huyo Kiplimo alinunua mbili kwa tenda mwezi wa saba, kumi na saba na ishirini na tatu, na kadi zote mbili nilimpa hapa." Alionyesha kiganja chake. "Asikudanganye hana."

"Kumi na saba iliugua nini?"

"Sitakuambia."

Chepkurui alidhani hakusikia vizuri.

"Nikikuambia, itakuwa ni mdomo wa Omariba," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu ambao hakujaribu kuuficha. "Utaenda umwambie mzee wako, na yeye atasema, nani? Yule Mkisii wa senta? Mdomo wangu huko kwenu hauna muhuri, mama. Kadi inao. Ijumaa nitakuja yadini. Hiyo kadi itasomwa mbele ya kila mtu, na aliyeiandika akiwa amesimama."

Chepkurui alitaka kumwambia kwamba mumewe si mtu wa namna hiyo. Akakumbuka mambo aliyoyasikia jikoni Jumanne. Alimshukuru tu, kwa mikono miwili.

*

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na yadi ilikuwa tope tupu. Kipkoech alikuja na koti lile lile. Alikuwa amekubali kusikiliza, si zaidi. Njiani alikuwa amemwambia mkewe mara mbili kwamba fundi akishindwa kuthibitisha maneno yake, pesa italipwa siku hiyo hiyo na mjadala utafungwa. Chepkurui alikubali. Pesa yake ya maziwa, aliyokuwa ameitoa kwa kikundi, ilikuwa ndani ya nguo, imefungwa kwenye leso.

Omariba alikuwa amefika kabla yao. Alivaa ovaroli yake ya kazini, imefuliwa na kupigwa pasi, na alisimama mbali na magari, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Kiplimo alipomwona, uso wake ulibadilika. Alikuja mbio kuwashika mikono wageni wake wawili, akamruka Omariba.

"Mzee Kipkoech! Karibu ofisini, nje kuna baridi. Huyu naye amekuja kufanya nini?"

"Amekuja kusalimia gari yake," Chepkurui alisema. "Kiplimo, tumerudi na lile swali."

Madalali walisogea karibu. Kicheko kilikuwa tayari midomoni mwao. Kiplimo naye alikiona, akapata nguvu, akamwacha Chepkurui pale alipo na kumgeukia mumewe.

"Mzee, hebu uniambie. Nani mwenye boma kwenu? Mimi na wewe tumeongea kama wanaume wa ukoo mmoja, umeweka pesa, nimefukuza wanunuzi wengine kwa ajili yako. Sasa unaniletea mama na Mkisii wa gereji wanihukumu kwa yadi yangu?"

Madalali walicheka, na safari hii walimcheka Kipkoech.

Kicheko hicho kilimwingia. Nimewahi kuwaona wanaume wakichekwa hivyo, na wengi wao huwageukia wake zao hapo hapo. Kipkoech alifungua mdomo. Alimtazama Chepkurui, aliyekuwa amesimama kwenye tope bila kumwomba msaada. Akamtazama yule mzee mfupi mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Kisha akamuuliza Omariba, kwa heshima, "Mzee, niangalie wapi?"

"Chini. Nyuma ya kiti cha dereva, upande wa kulia."

Basi Kipkoech, na koti lake la kanisani, alilala chali katika tope la yadi ya Kiplimo na kujisukuma chini ya pikapu. Omariba naye aliingia upande wa pili. Watu waliona miguu minne tu. Wakasikia kitu kikikwaruza chuma, wakasikia Omariba akisema, "Hapo. Weka kidole."

Kipkoech alipotoka, mgongo wake wote ulikuwa udongo, na kwenye kidole chake palikuwa na kutu. Chasi ilikuwa imekatika mahali pale na kuungwa kwa kuchomelewa, na juu ya kidonda hicho palipakwa rangi nyeusi mpya. Hakujipangusa.

"Jibu swali la mama," alimwambia Kiplimo.

"Mzee, hicho ni kitu kidogo, kila gari..."

"Sijakuuliza mimi. Mama amekuuliza kadi iko wapi."

"Sina kadi! Kadi gani?"

"Sawa," Kipkoech alisema. "Kesho kutwa ni Jumapili, watu wa kwetu wote watakuwa kanisani wakingoja hii gari. Nitawaambia sikuja nayo kwa sababu mtoto wa ukoo wetu alitaka kuniuzia jeneza. Jumatatu wazee wa kokwet watakuja hapa. Watakaa hapa kwa yadi yako, kwa viti vyako, na watakuuliza wao. Utawajibu kwamba huna?"

Polisi, hao Kiplimo angewaweza. Polisi wana bei. Lakini wazee wa kokwet, lile baraza la kijiji, wamekaa mduara na fimbo zao, wakiuliza jambo moja kwa sauti ya chini mpaka jioni, na baba yake mwenyewe akiwa ameitwa kukaa nao, hao hakuwaweza. Alisimama kidogo akitazama barabara. Kisha aliingia ofisini, na wote wakamfuata.

Kadi zilikuwa kwenye droo ya meza. Hazikuwa mbili. Lilikuwa fungu zima lililofungwa kwa raba, kadi za magari ya kila aina, nyingine za Nairobi, nyingine za Nakuru. Chepkurui alizitazama, na hasira iliyompanda hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kuchekwa.

"Kumbe wewe unasoma," alisema. "Ukienda kununua, unaitisha kadi ndiyo ujue utapunguza bei wapi. Sisi tukija kununua, unatucheka."

Kiplimo alichomoa kadi moja ya manila, ya kijani, iliyolainika pembe, akaiweka mezani.

Chepkurui alisoma kwa sauti. Alikuwa ameishia darasa la saba lakini alisoma vizuri, kidole kikitembea chini ya mstari. Kulikuwa na miaka minane ya oili na breki, kwa mwandiko mmoja ulionyooka. Halafu Machi tisini na sita: gari limepinduka mteremkoni na kuingia mtoni, dereva amevunjika mguu. Chasi imekatika, imeungwa ili livutwe tu. Chini yake, kwa wino mwekundu: *Lisirudi barabarani. Liuzwe kwa vipuri. J. Omariba.*

Hakuna aliyecheka. Yule mnunuzi wa Soin, ambaye alikuwa amerudi siku hiyo kuona lori, alitoka nje polepole akasimama mbali na lori lake.

Omariba aliichukua kadi, akatoka, akaibana chini ya waipa ya kumi na saba, maandishi mekundu yakitazama nje. "Hiyo ni sahihi yangu," alisema aliporudi. "Kama mtu angekufa humo, ni mimi ningekuwa nimenyamaza."

Kipkoech akamnyooshea mkono wenye tope. "Mzee, nilikuwa nimeambia mke wangu kwamba ukishindwa kuthibitisha, nalipa. Nilisema hivyo kwa sababu ni wewe. Nisamehe."

Omariba aliutazama mkono huo kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Kisha akaushika.

*

Ilibaki elfu arobaini, na Kiplimo, ambaye alikuwa ameanza kupata rangi usoni, alikumbusha kwamba risiti inasema hazirudishwi.

"Hatujasema turudishiwe," Chepkurui alisema. "Ishirini na tatu iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya kontena, kati ya magugu. Hakuna aliyekuwa amejisumbua kuipaka. Kijani chake kilikuwa kimepauka, mlango mmoja ulikuwa na mkunjo, na namba yake ya njano ilisomeka toka mbali. Omariba aliizunguka mara moja, akaweka mkono juu ya boneti, akasema tu, "Hii hawajaigusa," na alisema kwa sauti ya mtu aliyekuta ndugu yake ni mzima.

Chepkurui akaitisha kadi yake, akaisoma pande zote mbili, amesimama, mvua ikinyunyiza. Alisoma karibu nusu saa. Wanaume wote walingoja: Kiplimo, madalali, mumewe, fundi. Kila alipofika mahali pagumu alimuuliza Omariba, na Omariba alijibu. Klachi ilibadilishwa lini? Mbona radieta ilitengenezwa mara mbili? Springi za nyuma mbona zimeandikwa "zinakaribia"?

"Springi zinakaribia kuisha," alimwambia Kiplimo mwishowe. "Na tairi mbili zimeandikwa hapa toka mwaka juzi. Hii umesema ni laki mbili na ishirini. Mimi naona laki moja themanini, na elfu arobaini iko ndani."

"Mama! Unaniua!"

"Si mimi. Ni kadi."

Walikutana laki moja na tisini. Dalali mmoja akamwambia mwenzake, na hakujali kusikika, kwamba hajawahi kuona mtu akinunua gari namna hiyo. Chepkurui alisikia. Moyo wake ulijaa fahari mpaka ikambidi atazame chini, maana hakutaka kutabasamu mbele ya Kiplimo.

"Jumapili watu wametangaziwa gari jeupe," alimkumbusha mumewe kwa sauti ya chini. "Watacheka."

"Wacheke," Kipkoech alisema. "Nitawasomea kadi."

Waliingia ofisini kuandikiana. Kiplimo alitoa karatasi ya mapatano, akaandika tarehe, akaandika namba ya gari, na kwenye nafasi ya mnunuzi akaanza K bila kuuliza.

"Ngoja," Kipkoech alisema. "Unaandika nani?"

"Wewe, mzee."

Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yake Kipkoech. Namba ya kuuzia chai ilikuwa kwa jina la Kipkoech mwenyewe, ingawa vikapu tisa kati ya kumi vilipita mgongoni kwa Chepkurui, na bonasi ilipokuja ni jina la Kipkoech lililosomwa. Mambo yalikuwa hivyo kwao na kwa jirani zao wote, na sikumbuki mtu aliyeona vibaya.

"Kata hiyo K," Kipkoech alisema. "Andika Chepkurui."

Kalamu ya Kiplimo ilisimama. "Mzee, hapa wanataka jina la mwenye gari."

"Nimekusikia. Na nimekujibu."

Chepkurui alimgeukia mumewe. Kipkoech alikuwa amesimama pale, udongo umemganda mgongoni, kofia mkononi, hatazami mtu yeyote ila karatasi ile. Na hakuwa amelipanga jambo hilo wala kumwambia mtu. Omariba, kwa adabu, akatazama dirishani.

Kisha Chepkurui alifungua leso yake, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani mbele ya Kiplimo na kukisukuma kwa kidole mpaka kikafika karibu na kalamu.

"Andika vizuri," alisema. "Kuna watu watakuja kuisoma."